Tisheti za michoro mikali kwa wanawake wa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikivaa tisheti yangu nyeusi yenye mamba kifuani, wanawake wananisimamisha njiani, kuanzia Kamalondo hadi mjini. Maswali yao huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Tisheti "kali" ni ipi hasa?

Ni ile ambayo mchoro wake unamfanya mtu arudishe macho. Inaweza kuwa fuvu, chui aliyeachama, radi, uso wa mwanamke asiyecheka, au neno moja kwa herufi nene. Wingi wa rangi hauleti ukali. Tisheti nyeusi yenye mistari michache myeupe inaweza kuizidi ile iliyojaa vimeta na dhahabu.

Wengi hudhani hii ni nguo ya vijana wa kiume ambayo sisi tunaiazima. Ni kweli kwamba ilianza kama nguo ya ndani ya wanaume: jeshi la majini la Marekani liliwapa mabaharia wake mwaka 1913. Lakini walioifanya iwe na ukali ni pamoja na wanawake. Miaka ya 1970, katika duka lao la King's Road jijini London, mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood na mwenzake Malcolm McLaren walizichana tisheti, wakazichoma pini na kuzichapa michoro ya kuwaudhi wakubwa. Mwaka 1984 mbunifu Katharine Hamnett alikwenda kupeana mkono na waziri mkuu Margaret Thatcher akiwa amevaa tisheti nyeupe yenye herufi kubwa za kupinga makombora ya nyuklia. Picha ile bado inazunguka hadi leo. Kwa hiyo vaa bila kuomba radhi.

Lubumbashi hapa nizitafute wapi?

Anza na tombola, yaani mitumba. Duka la mjini litakuuzia tisheti mpya ambayo wenzako kumi wameshainunua, lakini kwenye rundo la tombola kila moja iko peke yake. Mimi huzunguka soko la Kenya, soko la Mzee na vibanda vya Katuba. Jirani zetu wa Zambia huziita nguo hizi salaula, neno la Kibemba la kuchakura ndani ya rundo, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Usiende ukiwa na haraka, na usiende na rafiki anayelalamika jua.

Siri kubwa ni kujua siku ambayo balo, yaani robota la mitumba, linafunguliwa. Balo huwa na uzito wa kilo 45 hivi, na likishakatwa kamba, saa ya kwanza ndiyo yenye mali. Wanunuzi wa maduka huwa wameshafika. Ukimzoea mama mmoja ukawa unanunua kwake mara kwa mara, atakwambia mwenyewe: "Uje kesho asubuhi, kuna balo ya tisheti." Heshima inafanya kazi kuliko ubishi. "Mama, punguza kidogo, niko mutoto yako" hupata jibu zuri, lakini ukiiponda nguo yake mbele ya wateja utaondoka mikono mitupu.

Jambo la pili ni kutoishia kwenye rundo la wanawake. Huko utakuta maua, vipepeo na maneno ya mapenzi. Michoro mikali iko upande wa wanaume, na wakati mwingine upande wa watoto wakubwa, saizi ya miaka 14, ambayo inamkaa vizuri msichana mwembamba.

Wanaouza kwa picha za WhatsApp nao wana vitu vizuri. Waombe picha tatu: mchoro kwa karibu, shingo, na upande wa ndani. Omba pia kipimo cha kifua kutoka kwapa hadi kwapa kwa sentimita, kwa sababu M ya nchi moja ni L ya nchi nyingine. Anayekataa kupima, achana naye.

Nikiwa mbele ya rundo, nitaijuaje iliyo nzima?

Ishike mabega mawili, uiinue juu ya kichwa chako, jua liwe nyuma yake. Hapo hapo utaona matundu madogo, na utajua kama kitambaa ni chepesi kiasi cha kuonyesha sidiria. Kitambaa cha gramu 140 kwa mita ya mraba ni chepesi, cha 180 na zaidi kina uzito na hutulia mwilini. Hutakuwa na mizani sokoni, lakini mkono unajifunza haraka: kunja sehemu ya chini ndani ya kiganja, kisha uachie. Kizuri kinarudi polepole na kwa uzito, kibaya kinabaki na makunyanzi kama karatasi.

Halafu shingo. Ivute kidogo uiachie. Ikibaki imefunguka, hakuna fundi atakayeirudisha. Tazama mshono wa ubavuni unavyoshuka: kama umejipinda ukaelekea tumboni, kitambaa kilikatwa vibaya kiwandani, na kila ukifua kitazidi kujipinda. Gusa kwapa kwa ndani. Pakiwa pagumu kama gamba, ni dawa ya kwapa ya miaka mingi ya mwenye nguo wa kwanza, na haitoki.

Mchoro ndio wa mwisho. Unyooshe taratibu kwa vidole viwili. Ukiona nyufa ndogo zilizotapakaa sawasawa, nunua, maana huo ni uzee wa wino mzuri, na mimi naupenda kuliko upya wake. Ukiona kingo zinanyanyuka kama stika, rudisha, kwani mfuo wa pili utaondoka nazo.

Muuzaji anasema ni ya zamani sana. Nimwamini?

Pindua pindo la chini na la mikono. Tisheti nyingi za Marekani hadi katikati ya miaka ya 1990 zilishonwa pindo kwa mstari mmoja wa uzi, baadaye mistari miwili ikawa ndiyo kawaida. Mwaka ulioandikwa chini ya mchoro usikudanganye. Huo ni mwaka wa haki za mchoro, na tisheti yenyewe inaweza kuwa imechapwa miaka 30 baadaye.

Ni vibaya kuvaa jina la kundi la muziki ambalo sijawahi kulisikiliza?

Hapana. Ila ukijua hadithi yake utaivaa kwa namna nyingine kabisa. Mfano wangu ni tisheti nyeusi yenye mistari myeupe iliyopangana kama safu za milima, ambayo hutokea sana kwenye tombola. Wengi hudhani ni mapambo tu. Mistari ile ni mapigo ya redio ya nyota, nyota ya kwanza ya aina yake kugunduliwa, na aliyeigundua mwaka 1967 ni mwanafunzi wa kike wa Cambridge aitwaye Jocelyn Bell. Mwaka 1979 kundi la Uingereza, Joy Division, liliuweka mchoro huo kwenye jalada la albamu yao. Kwa hiyo ukiulizwa unavaa nini, una jibu: msichana aliisikia nyota kabla ya walimu wake. Tangu nijue hilo, sijaweza kuiuza ile yangu, na nimeombwa mara nyingi.

Ule mdomo mwekundu uliotoa ulimi ni wa Rolling Stones, ulichorwa na John Pasche mwaka 1970. Umechapwa mno. Sina ubaya nao, lakini ukali wake umeisha.

Na maandishi ya lugha nisiyoielewa?

Usinunue kabla ya kuyatafsiri. Nilinunua tisheti ya kijivu yenye maneno ya Kiingereza yaliyozungushwa kama muhuri, nikaivaa wiki mbili, hata msibani kwa jirani. Binamu yangu aliyesoma Ndola, kule Zambia, alinivuta pembeni: "Yaya (dada), hii tisheti inatukana." Aliponieleza maana yake niliumia sana, hasa nikikumbuka wazee niliowapa pole nikiwa nayo. Siku hizi napiga picha kwa simu palepale sokoni na kuacha programu isome. Kijapani, Kikorea, Kirusi, zote zinasomeka. Dakika moja tu.

Mama yangu anasema fuvu na nyoka ni mambo ya shetani. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa hasira. Kwa mzazi wa hapa, nyoka na fuvu ni vitu vyenye uzito, wengi wamesikia mahubiri juu yake na wengine wameona familia zikivunjika kwa tuhuma za uchawi. Kumbuka pia walikotoka. Enzi za Mobutu, siasa ya "authenticité", yaani kurudi kwenye asili, ya miaka ya 1970 ilimkataza mwanamke hata suruali. Mtu aliyekua hivyo, ukimtolea fuvu sebuleni asubuhi, lazima ashtuke.

Mimi nilimwonyesha mama yangu kitu anachokijua mwenyewe: Mamba Muntu. Michoro yake, mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, mara nyingi na nyoka mwilini, ilikuwa ukutani katika sebule nyingi za mji huu wakati yeye ni msichana. Ilitisha, ilivutia, na watu waliinunua kwa hela yao. Tulizungumza saa nzima, akanisimulia picha iliyokuwa kwa shangazi yake Kamalondo. Fuvu bado halipendi. Nami sivai fuvu nikienda kwake, wala kanisani, msibani au kwa wakwe. Chui, mamba, radi na herufi hazijaleta neno.

Kuna tisheti ambayo nisiivae kabisa?

Yenye madoa ya kijeshi. Hata ikiwa ya waridi, hata ikiwa na maua juu yake. Hapa Kongo askari anaweza kukusumbua au kukuvua, na ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia, sheria yao hairuhusu raia kuvaa vazi la namna hiyo. Iache sokoni.

Uangalifu pia kwa bendera. Msalaba wa shaba wa Katanga peke yake ni urembo wa kale na fedha ya mababu zetu. Mitatu ikipangwa pamoja na rangi nyekundu, nyeupe na kijani ni bendera ya Katanga iliyojitenga 1960 hadi 1963, na kuna watakaokusoma kisiasa. Tisheti za vyama zivaliwe nyumbani, wakati wa kudeki.

Niliyoipenda ni ya kiume, inanimeza. Nifanyeje?

Kwanza tazama mabega. Mshono wa bega ukishuka sentimita tano hadi saba chini ya bega lako, iache ilivyo, huo ni mkao mzuri. Ukizidi hapo, peleka kwa fundi aingize ubavu na kupunguza mikono, ila mwambie asiguse mchoro na asiibane kiunoni. Tisheti kali iliyobanwa inapoteza nguvu yake, inakuwa fulana ya mazoezi.

Kukata mwenyewe ni rahisi na hakuhitaji cherehani. Kitambaa hiki hakichanui nyuzi, kikikatwa kinajikunja chenyewe. Ivae, weka alama ya chaki mahali unapotaka iishie, kisha kata sentimita tatu chini ya alama, kwa sababu ukingo utajikunja kuelekea juu. Shingoni kata kwa kufuata ukingo wa nje wa mkanda wa shingo, basi. Kesho yake shingo itakuwa imefunguka zaidi ya ulivyoikata. Wengi huharibu hapa kwa kukata pana siku ya kwanza. Tumia mkasi wa kitambaa wenye makali. Wa jikoni unatafuna.

Niivae na nini?

Hapa ndipo ninapoweza kuongea hadi jioni. Ninachokishika ni kimoja: mchoro ukiwa unasema, vingine visikilize. Tisheti ya chui mwenye meno nje haihitaji mkufu mkubwa, mkoba wa dhahabu na viatu vyekundu kwa wakati mmoja.

Vazi ninalolipenda kuliko yote ni tisheti nyeusi na sketi ndefu ya kikwembe, yaani kitenge. Watu huogopa kuchanganya michoro miwili, na woga huo una sababu, lakini dawa ipo. Chukua rangi moja iliyomo kwenye mchoro wa tisheti, hata kama ni kidogo kama jicho la mnyama, kisha tafuta kikwembe chenye rangi hiyo kwa wingi. Tisheti yangu ya mamba ina jicho la manjano tu. Nilivyoivaa na kikwembe cha manjano na bluu ya usiku, jicho lile likawaka kama taa. Mchoro wa tisheti ukiwa mkubwa, michoro ya kikwembe iwe midogo. Chomeka tisheti mbele tu, nyuma iachie ianguke. Kilemba cha kikwembe hicho hicho kinafunga kazi, na hereni ukivaa, ziwe za malakiti, jiwe letu la kijani, au bangili moja nene ya shaba. Shaba kwenye mkono mweusi karibu na kitambaa cheusi hainyamazi.

Jinzi nyeusi na buti ni vazi la dunia nzima, linafaa, sina la kuongeza. Koti la kazi lililokatwa vizuri juu ya tisheti ya michoro linafaa zaidi, kwa sababu mchoro unaonekana nusu na mtu anataka kujua uliobaki. Juni na Julai, baridi ya hapa ikishuka, vaa shati la mikono mirefu ndani na tisheti juu.

Nina kifua kikubwa na mchoro unapotoka. Kuna njia?

Ipo. Epuka nyuso na duara zinazokaa katikati ya kifua, zitavutika. Epuka pia neno refu la mstari mmoja, herufi za katikati zitapanda mlima na za pembeni zitapotea. Tafuta mchoro unaoanza juu, vidole vinne chini ya shingo, au unaosimama wima: radi, nyoka, mti, upanga. Chaguo ninalolipenda zaidi ni mchoro mdogo upande wa moyo na mkubwa mgongoni. Wanaokuona ukija wanaona kidogo, wanaokuona ukiondoka wanaona wote. Nunua saizi inayokaa vizuri kifuani, kisha fundi arekebishe mabega.

Kazini inawezekana?

Benki, hapana. Kwingine, herufi au mistari chini ya koti. Wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa wanavaa watakavyo, isipokuwa siku ya kutetea kazi yao.

Nataka kuchapisha mchoro wangu mwenyewe. Nianzie wapi?

Hili ndilo ninalowaombea wanawake wengi walifanye. Kuna njia mbili za kawaida mjini. Serigrafi ni wino unaopitishwa kwenye wavu, rangi moja kwa wavu mmoja. Inadumu miaka, ila fundi hataki kuandaa wavu kwa tisheti moja, kwa hiyo jiungeni kumi. Flokaji ni plastiki iliyokatwa na kubandikwa kwa joto. Inafaa kwa tisheti moja, jina au namba.

Kwenye serigrafi uliza wino unakaushwa vipi. Ule wa plastiki unahitaji joto la karibu nyuzi 160 hadi ndani kabisa. Niliagiza tisheti kumi za siku ya kuzaliwa ya dada yangu kwa mchapaji mmoja ambaye alizianika juani tu. Zilipendeza jioni ile. Baada ya kufuliwa mara moja, maji ya beseni yalikuwa meusi na tisheti zilibaki na kivuli cha mchoro, naye alikataa kurudisha hata nusu ya hela. Tangu hapo nalipa nusu, nafua moja kwanza, kisha namalizia.

Na mchoro uwe gani? Mji huu una wachoraji wakali tangu zamani. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy na wanyama wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyobanana, na Bela aliyechora kwa vidole. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi, na brashi yake haikumwonea mtu haya. Tazama kazi zao ujifunze, usizinakili. Ukitaka mchoro wa msanii aliye hai, muulize na umlipe. Au chora mwenyewe: bomba la kiwanda na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, kwa mistari minne tu, kila mtu wa hapa atakitambua.

Nembo ya TP Mazembe, yule mamba mwenye mpira mdomoni, ni mali ya klabu, kwa hiyo nunua yao halali. Na ukiivaa, kumbuka timu yao ya wanawake ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2024.

Nifueje ili mchoro usife?

Geuza ndani nje, maji baridi, sabuni kidogo, usisugue mchoro kwa mchoro. Anika kivulini ikiwa imegeuzwa vilevile. Pasi ya makaa ndiyo adui mkubwa, kwa sababu joto lake huwezi kulipima: piga upande wa ndani, au weka kitambaa chenye unyevu juu ya mchoro. Vumbi jekundu la Septemba likung'utwe kabla nguo haijaguswa na maji, la sivyo unatengeneza tope.

Nina miaka 52. Nimechelewa?

Vivienne Westwood alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 81, na tisheti za maneno hakuwahi kuziacha. Lakini huna haja ya kwenda London. Soko la Kenya kuna mama mwenye mvi anayeuza tombola, kila Jumamosi yuko na tisheti ile ile nyeusi yenye radi nyeupe, imefifia mabegani, juu ya kikwembe cha kijani. Nilimuuliza bei yake. Alicheka, akasema vyote vilivyo chini vinauzwa, ila ile aliyoivaa ni yake.